Mwalimu, Mtu Anajuaje?
(Maneno ya Katibu wa Kwaya, Siku ya Vijana, Jubilei ya Miaka 25)





Kamati ya jubilei ilinipa dakika kumi na tano niseme na vijana juu ya miito, hasa wito wa utawa. Nilishangaa kidogo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu, mama wa watoto wawili. Lakini katibu ndiye mwenye daftari la majina, na daftari linasema hivi: katika miaka hii 25, wasichana watatu wametoka kwenye benchi letu kwenda utawani. Mmoja ameweka nadhiri za daima. Mmoja yuko unovisi sasa hivi. Mmoja alirudi nyumbani, na leo anaimba alto pale nyuma. Nimeomba ruhusa yake nimtaje bila jina, naye amekubali.

Na kuna sababu nyingine. Mwezi uliopita, baada ya mazoezi, msichana wa Kidato cha Nne alibaki kunisaidia kukusanya vitabu vya nyimbo. Akaniuliza, "Mwalimu, mtu anajuaje?" Sikumuuliza anajua nini. Nilielewa. Ninayosema leo ni jibu langu kwake, na kwa mwingine yeyote mwenye swali hilo ambaye hajapata wa kumuuliza.

Niondoe kwanza mambo ambayo si wito. Kuachwa na mvulana si wito. Kukosa alama za kuingia chuo kikuu si wito. Kuchoka na baba mlevi ni jambo la kuhurumiwa na linahitaji msaada, lakini nalo pekee si wito. Kupenda shela jeupe siku ya maandamano ya Ekaristi, mimi mwenyewe nalipenda, na niko hapa na pete yangu. Wapo pia wanaongoja ndoto, au sauti usiku kama kijana Samweli hekaluni. Mungu anaweza akaita hivyo, sitamfundisha kazi. Lakini Masista wengi niliowauliza, wazee kwa vijana, hawakuniambia habari za sauti wala ndoto. Waliniambia habari ya tamanio fulani lililokataa kuondoka.

Hilo ndilo la kupima. Kila kijana hutamani utawa wiki ya Pasaka, kanisa limejaa maua na kwaya imeimba vizuri. Uliza moyo wako mwezi wa kwanza, karo haijalipwa, mvua haijanyesha, sala ni kavu kama samaki wa kukaushwa. Je, bado kitu kile kipo? Kama kipo, na kinakupa amani hata pale kinapokutia hofu, usikipuuze. Kama kimekwenda na maua, mshukuru Mungu kwa Pasaka njema, uendelee na masomo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vijana hawaniulizi kamwe.

Wasichana wakizungumza juu ya utawa, huuliza habari za kuolewa. "Nitaweza kukaa bila mume? Bila watoto?" Ni swali zito na sitalidharau. Lakini nilipomuuliza yule Sista wetu mwenye nadhiri za daima ni kipi kilichomwumiza zaidi miaka ya kwanza, hakutaja mume. Alicheka, akasema, "Ni yule dada wa chumba cha pili." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu anayefunga mlango kwa kishindo saa kumi na moja alfajiri, anayeweka chumvi nyingi, na anayekumbuka kila kosa.

Mtawa wa shirika haitwi kuishi na Yesu peke yake chumbani. Anaitwa kuishi na Yesu pamoja na watu ambao hakuwachagua. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema wazi kwamba watawa wanaishi maisha ya pamoja katika nyumba yao ya kitawa, na kutokuwapo humo kunahitaji ruhusa. Kwa hiyo ukiingia, utakaa na Mkisii, Mteso, Mkamba, Mluhya na Mturkana katika jiko moja. Mmoja hawezi kulala bila ugali, mwingine anaona githeri ndicho chakula, na wewe mtoto wa ziwani utajifunza kukaa wiki tatu bila kuona omena. Utasali na mtu mliyekosana asubuhi. Ukiwa mwalimu wa TSC kama mimi, mshahara utakuja kwa jina lako lakini utakuwa mali ya jumuiya. Ukitaka viatu, utaomba viatu. Ukishazoea shule, watoto wakakupenda, maua uliyopanda yakaanza kuchanua, barua ya uhamisho itakuja, na aliyeiandika hatakuuliza habari za maua.

Sisemi haya ili niwatishe. Nasema kwa sababu ndipo penyewe. Nadhiri ya ufukara, ya useja na ya utii zote tatu zinaishiwa pale jikoni.

Wanakwaya watanielewa upesi. Kila mwaka tunampokea mtu mwenye sauti nzuri kuliko sisi sote, na baada ya miezi mitatu kwaya masta anashika kichwa. Mtu huyo anaimba, hasikilizi. Hajui kupunguza sauti ili besi isikike. Tumepata vilevile wenye sauti ya kawaida kabisa, ambao wakikosekana Jumapili moja wimbo wote unalegea. Ukitaka kujua kama unaweza kuishi utawani, usijipime kwa machozi yako wakati wa kuabudu Ekaristi. Jipime kwa mambo madogo. Shuleni bwenini, uliishije na wenzako? Uliweza kumwachia mwingine ndoo ya maji ya moto aliyoomba? Tulipokwenda safari ya kuimba na kulala darasani, ulikuwa miongoni mwa waliogombania godoro la karibu na ukuta, au miongoni mwa waliohesabu kama yametosha? Sufuria za sherehe ya leo nani ataziosha? (Orodha iko mlangoni, ina nafasi.)

Kuhusu hatua na muda nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi hapa wanadhani msichana huingia Jumatatu akavaa shela Ijumaa. Kwanza ni kipindi cha kuja na kuona, halafu uaspiranti na upostulanti, ambao kila shirika lina muda wake. Kisha unovisi. Hapo sheria ya Kanisa yote inasema jambo moja: mtu hawezi kuingia unovisi kabla ya kutimiza miaka 17, na unovisi wenyewe lazima uwe na miezi 12 kamili, usizidi miaka miwili, ingawa kukiwa na shaka wakuu wanaweza kuongeza miezi isiyozidi sita. Baada yake ni nadhiri za muda, kwa miaka isiyopungua mitatu na kwa kawaida isiyozidi sita. Ndipo nadhiri za daima, na hapo lazima uwe umetimiza angalau miaka 21. Katika unovisi, novisi ana uhuru wa kuondoka, na shirika lina uhuru wa kumrudisha. Nadhiri za muda zikiisha, mtu asiyetaka kuzirudia anaweza kwenda zake. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi Kanisa linampa binti kufikiri. Sisi wenye ndoa hatukupewa hata nusu yake.

Kuna jambo katika sheria hiyohiyo lililonifurahisha kama katibu. Shirika halitakiwi kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Mnasikia, vijana? Mkopo wa HELB, deni la chama, Fuliza ya simu, yote hayo yazungumzwe mapema na kwa ukweli. Utahitaji pia cheti cha ubatizo na cha kipaimara, na uthibitisho kwamba huna ndoa. Kabla ya nadhiri za kwanza utamkabidhi mtu unayemchagua usimamizi wa mali uliyo nayo, na kabla ya nadhiri za daima utaandika wosia unaokubalika hata na sheria ya nchi. Kanisa ni mama mzee, limeona mengi.

Wazazi, sasa ni zamu yenu, na ninaomba mnivumilie, kwa kuwa wengi wenu ni wakubwa wangu.

Binti akisema nyumbani kwamba anataka utawa, kuna vikao hufanyika usiku. Baba anawaza ng'ombe wa mahari, ingawa hasemi. Mama anawaza wajukuu, na anasema. Kama ni kifungua mimba, kila mtu anauliza nani atawasomesha wadogo. Maswali haya ni ya haki. Sista hataweza kutuma nusu ya mshahara nyumbani kila mwezi, na ni afadhali mjue leo kuliko kuja kugombana naye kesho. Nimesikia mama akisema, "Nimemlea miaka ishirini nikampe Askofu bure?" Sikumcheka.

Lakini swali lililo chini ya yote, ambalo wazee wetu wa Kijaluo huliuliza kwa sauti ya chini, ni hili: atazikwa wapi? Kwa desturi, binti mtu mzima asiyeolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Kaburi lake huchimbwa nje ya ua. Kwa hiyo mzazi anaposema "hataki kuolewa" anasikia pia "hatakuwa na mahali". Uchungu huo naufahamu, na padre asiyeufahamu hawezi kuongea na mzazi wa hapa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka Mama Kevin. Wengi mmesikia jina lake. Aliitwa Teresa Kearney, alizaliwa Ireland mwaka 1875, akabaki yatima angali mtoto, akalelewa na bibi yake, akawa msaidizi wa mwalimu shuleni. Aliingia kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, mwaka 1895. Alijitolea kwenda kufanya kazi miongoni mwa watu weusi wa Marekani, akangoja miaka mitatu. Simu ya Marekani haikulia. Alitumwa Afrika. Reli ilikuwa imefika ziwani hapa kwetu Kisumu mwaka 1901, na Januari ya mwaka 1903 Masista sita, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa wamefika Nsambya, ng'ambo ya ziwa hili hili, Uganda. Mwaka 1923 alianzisha shirika la wasichana Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kule Nkokonjeru. Masista hao wako Kenya hadi leo.

Aliaga dunia mwaka 1957 huko Marekani, mahali alipotamani kwenda tangu ujana, akiwa na miaka 82. Mwili wake ukapelekwa Ireland, ukazikwa. Basi Wakatoliki wa Uganda wakakataa. Wakasema huyu ni wetu. Wakaomba mpaka wakapewa, na Desemba ya mwaka huohuo akazikwa upya Nkokonjeru. Mwanamke asiye na mume, asiye na mtoto wa tumbo lake, mataifa mawili yakagombania kumzika. Huko nyumbani mnakoogopa kwamba binti atakosa mahali, ninawaambia Masista wana makaburi yao, wanazikana kwa nyimbo, na majina yao yanatajwa Misani miaka na miaka baada ya sisi wenye boma kusahauliwa na wajukuu wetu.

Pia msidhani ni mambo ya zamani au ya wageni tu. Asumbi kule Homa Bay kuna nyumba mama ya Masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu, na wengi wao ni mabinti wa ziwa hili. Kakamega kuna Masista wa Maria. Na mwaka 2015 tulimwona Sista Irene Stefani wa Konsolata, yule watu wa Nyeri waliyemwita Nyaatha, akitangazwa Mwenyeheri pale pale Nyeri. Alifariki mwaka 1930 huko Gikondi, akiwa hajafika miaka 40, kwa ugonjwa wa tauni.

Ila kuna upande wa pili. Wako wazazi wachache wanaosukuma. Mama alitaka kuwa mtawa, hakuweza, basi binti atamlipia. Au jumuiya nzima imeshaanza kumwita mtoto "Sista" tangu darasa la sita, hadi anaogopa kusema amebadili nia. Sheria ya Kanisa inasema kila Mkristo ana haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kushurutishwa na mtu. Kushurutisha ni kuzuia, na ni kusukuma pia.

Hii ndiyo sababu nataka kusema juu ya aliyerudi.

Alirudi nadhiri zake za muda zilipoisha. Alizungumza na walezi wake, akasali, wakaelewana, akaja na sanduku moja. Alishuka matatu pale Carwash mchana, na kabla ya jioni Migosi yote ilikuwa na habari. Wengine walisema amefukuzwa. Wengine walihesabu miezi wakimtazama tumbo. Mama yake aliacha kuja jumuiya kwa muda, kwa sababu kila alipofika mazungumzo yalikatika. Huyu binti hakuwa amevunja nadhiri yoyote. Alikuwa ametimiza kila alichoahidi, kwa muda alioahidi, na Kanisa lenyewe ndilo lililoweka mlango ule.

Aliponisimulia, aliniambia jambo ambalo sijaliacha. Alisema alijua mwaka mmoja na nusu kabla kwamba maisha yale hayakuwa yake. Alikaa kwa sababu ya kutuogopa sisi. Hakuwa akimwogopa Mungu wala Mama Mkuu. Alikuwa akituogopa sisi wa benchi la mbele, tuliomsindikiza kwa basi zima na kumchinjia mbuzi.

Nani kati yetu anataka mtawa wa namna hiyo, anayebaki kwa kuogopa majirani? Binti asiyeweza kurudi hajawahi kusema ndiyo kwa kweli, kwa maana hakuwa na neno lingine la kusema. Tukitaka wasichana wetu waende kwa moyo mweupe, lazima wajue kwamba kiti chao hapa kipo. Mama mmoja wa alto, ambaye hataki sifa na hivyo simtaji, alimfuata nyumbani Jumamosi ya pili akiwa na kitabu cha nyimbo mkononi, akamwambia tu, "Mazoezi ni saa tisa." Hakumuuliza kitu. Leo ndiye anayefundisha sauti ya pili noti, na zile sala za kuimba za asubuhi tulizojifunza mwaka jana ametufundisha yeye. Aliyatoa wapi? Utawani. Haikuwa miaka iliyopotea.

Nimalizie na mambo ya kufanya, kwani mwalimu haachi darasa bila kazi ya nyumbani.

Maliza Kidato cha Nne. Usikimbilie utawa ukikimbia mtihani, mashirika mengi yatakuuliza hati yako ya KCSE. Tembelea zaidi ya shirika moja. Wako wa hospitali, wako wa shule, wako wa kusali ndani ya ukuta maisha yao yote, na karama zao hazifanani. Usichague kwa rangi ya kanzu. Tafuta mtu mmoja wa kukusindikiza kiroho, padre au Sista, na umwambie ukweli wote, hata wa yule mvulana. Na jihadharini: mtu akikupigia simu akisema ni wa shirika fulani, akataka pesa za fomu, mwombe barua, uilete kwa Baba Paroko. Shirika la kweli litataka barua ya Paroko wako kabla halijakupokea, na halitaogopa kuulizwa maswali.

Kamati ya kwaya imekubali kwamba sehemu ya mchango wa leo iwe nauli ya wasichana watakaokwenda kutembelea nyumba za Masista likizo ya Agosti. Nauli hiyo ni ya kwenda na kurudi. Tumeiandika hivyo makusudi kwenye kumbukumbu za kikao.

Sista anayeshughulikia miito yuko nasi, na atakaa ukumbini baada ya chakula mpaka saa kumi. Wazazi wenye maswali ya mahari, ya karo za wadogo na ya makaburi, mwulizeni yeye, ameyasikia yote na hatashangaa. Yule aliyeniuliza swali lake wakati wa kukusanya vitabu, mlango wa ukumbi una njia ya nyuma kupitia sakristia, kama hupendi watu wakuone. Soprano na alto mbaki tafadhali, wimbo wa matoleo wa kesho bado.